Magwanda Hayafuti Ukoo

Hapa Kindu, kijana akichaguliwa kwenda jeshini, wazazi wake huambiwa neno lilelile na kila anayewapenda: "Sasa si wenu tena, ni wa serikali." Mama huambiwa sokoni, baba huambiwa baada ya misa au swala ya Ijumaa, bibi huambiwa kivukoni akingoja mtumbwi wa kumrudisha ng'ambo, Alunguli. Kisha yanafuata mashauri. Msimpigie simu, mtamlegeza. Msimuulize habari za masomo, hizo ni siri za jeshi. Akilalamika, mkatieni. Kambi itamkomaza.

Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wengi wanataka kumwondolea mzazi uchungu wa kungoja. Lakini shauri lenyewe ni baya, limeshatugharimu watoto, na nawaomba wazazi wa mkoa wetu wa Maniema walikatae.

Nianze na kijana ninayemfikiria. Ana diploma ya Serikali, alifaulu hesabu na fizikia, na amechukuliwa kwa sababu hiyo. Anapelekwa kusomea mawasiliano ya redio, au uhandisi wa kijeshi, au mizinga, au tiba ya majeruhi, au ufundi wa ndege. Anaweza kuwa msichana. Watu wakisikia "jeshi" wanaona mbio za alfajiri na matope, na kweli mbio zipo na matope yapo. Ila baada ya mbio hizo, akiwa bado anatweta, anaketi darasani.

Na darasa hilo si mchezo. Mtu wa redio lazima ajue kwamba kwenye masafa ya megahezi 7 wimbi moja lina urefu wa karibu mita 43, kwa hiyo waya wa antena ya nusu wimbi utafika mita 20 na ushee. Akikosea kipimo, ujumbe wa kikosi kilichoko porini haufiki. Wazee wa mji huu wanaelewa ninachosema, maana kabla ya simu za mkononi tulipata habari za ndugu zetu kwa foni, kwenye misheni na kwa wafanyabiashara, na tulijua tofauti ya fundi anayejua kazi na anayebahatisha. Mtu wa mizinga naye alizoea shuleni kwamba duara lina nyuzi 360. Sasa anaambiwa kwamba mizinga ya mtindo wa NATO hugawanya duara hilo katika sehemu 6,400, na ile ya mtindo wa Kirusi katika sehemu 6,000. Kosa la sehemu moja tu, kwa shabaha iliyo umbali wa kilomita 10, hupeleka kombora pembeni karibu mita 10. Anayechanganya mifumo hiyo miwili anaweza kukosa kwa mamia ya mita, na katika nchi yetu mamia ya mita kutoka kwenye shabaha mara nyingi kuna kijiji.

Elimu ya namna hii haiingii kwa kukomazwa. Inaingia kwenye kichwa kilichotulia, kilichopata usingizi, maana ni usingizini ubongo unapohifadhi ulichosoma mchana. Kijana anayekesha akiwaza kama mama yake bado yuko hai, kama wadogo zake walitoroka mapigano yalipokaribia, kama baba bado amemkasirikia, atasoma ukurasa uleule mara nne bila kuona kitu. Na tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, hakuna kijana wa mashariki aliye masomoni asiyelala na mawazo hayo. Kumnyima sauti ya nyumbani wakati kama huu ni kumnyang'anya nguvu aliyokuja nayo.

Tena fikirini yuko wapi. Akipelekwa Kananga, kwenye chuo cha maofisa, nje ya lango watu wanaongea Tshiluba, na ndani ya lango amri zinatolewa kwa Kilingala, lugha ya jeshi tangu enzi za Force Publique, jeshi la kikoloni. Vitabu vimeandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili alichonyonya nacho hakisikii, isipokuwa akibahatika kupata mwenzake wa mashariki. Ramani inaonyesha reli inayotoka Kindu hadi Kabalo, ikapita Kamina ikafika Kananga, lakini treni ni adimu na ndege ni ghali. Mzazi wa Mikelenge, hapa Kindu, hatakwenda kumtembelea. Kilichobaki ni simu, na simu hiyo ndiyo tunayoshauriwa tuikate.

Nilisema shauri hili limeshatugharimu. Mwaka 1996 na 1997, waasi wa AFDL wakitoka Kivu kuelekea Kinshasa, walijaza safu zao kwa maelfu ya watoto. Mji wetu uliingia mikononi mwao mwishoni mwa Februari 1997, na kila aliyekuwepo anawakumbuka kadogo, wale watoto askari wenye umri wa darasa la sita na bunduki begani. Watoto wale walifundishwa kwamba jeshi ndilo familia yao, na kwamba Mzee Kabila, kiongozi wa AFDL, ndiye baba yao. Ile sentensi ya sokoni ilitekelezwa kwao kwa ukamilifu: hawakuwa tena wa wazazi wao. Katika kambi ya Kapalata, Kisangani, mwaka huohuo wa 1997, vijana wengi walioletwa kutoka Kivu ili wafunzwe walikufa kwa kipindupindu na kwa njaa, mbali na kwao. Na tarehe 16 Januari 2001, Mzee Kabila mwenyewe, akiwa rais, alipigwa risasi ofisini kwake na mmoja wa walinzi wake, kijana aliyekuwa kadogo. Sababu za mauaji yale zinabishaniwa hadi leo, nami sizihukumu. Nasema tu kwamba nchi hii imejaribu kuwatenga askari wadogo na jamaa zao, kwa wingi na kwa makusudi, na hakuna mzazi wa Kindu anayeweza kunionyesha jema moja lililotoka humo.

Watu watanijibu kwamba kadogo walikuwa watoto na huyu ni mtu mzima. Ni kweli. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kumwingiza jeshini aliye chini ya miaka 18, na ni vizuri. Lakini mtu mzima wa miaka 20 akilazwa hospitali tunakwenda na chakula. Akifiwa, tunalala kwake. Akioa, ukoo mzima unasafiri. Ni lini tuliamua kwamba akiingia kwenye masomo magumu kuliko yote aliyowahi kuyaona, hapo ndipo utu uzima wake unamaanisha upweke?

Hata jeshi lenyewe halijawahi kuishi kwa sheria hiyo ya upweke. Angalieni kambi zetu. Wake wa askari wanapika humo, watoto wao wanatoka humo asubuhi kwenda shule, na kikosi kikihamishwa familia zinafuata na masufuria kichwani. Mshahara ukichelewa, ni shemeji na mama mkwe wanaomlisha askari wa serikali. Anayesema "ni wa serikali" ajibu kwanza nani huleta mihogo serikali inapokuwa kimya.

Kuhusu kukomaa, mji wetu una somo lake, nalo linauma. Force Publique ilisifiwa kwa ukali wa nidhamu yake. Mwaka 1960 ilikuwa na askari karibu 25,000, na hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Wabelgiji waliwakomaza watu wetu kwa miaka 75 bila kuwapa elimu ya uongozi. Siku chache baada ya uhuru jeshi lile liliasi. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliotua Kindu na ndege mbili za mizigo za Umoja wa Mataifa, wakiwaletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa hapa, walikamatwa na kuuawa na askari waliodhani ni Wabelgiji wa upande wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Huko Pisa kuna jengo la kumbukumbu lenye jina la Kindu. Askari waliowaua walikuwa wakakamavu. Walichokosa ni maofisa waliosoma, na mafunzo ya kumtambua mtu kabla ya kumnyanyulia silaha. Kila nikiona kijana wa Maniema anashika daftari ndani ya magwanda namwona anafunga jeraha hilo, na nataka amalize.

Wabelgiji wamerudi Kindu kwa vipindi tofauti kufundisha vikosi vya brigedi ya 31 katika kambi ya Lwama, na Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 20 kwa ajili ya brigedi hiyo, kwa vifaa visivyo vya kuua na kwa majengo ya kambi. Vifaa ni vyema. Ila redio haijifundishi, na kijana anayefundishwa kuitumia ana moyo ambao hakuna mfadhili atakayeutunza kwa niaba yetu.

Sasa lazima niseme ukweli wa upande wa pili, maana wanaokataza simu wana hoja moja ambayo siipuuzi. Kuna wazazi wanaoharibu. Kuna anayempigia mwanawe kila jioni kumhesabia madeni ya nyumba: ada ya mdogo wake, bati lililotoboka, mjomba anayetaka mtaji. Kijana ana mtihani kesho na amekwisha kugeuzwa benki. Huko si kumsaidia. Matatizo ya nyumba yamalizwe nyumbani mpaka masomo yaishe, na pesa, kama ipo kidogo, itoke huku iende kule, anunue sabuni, daftari na betri za tochi.

Kuna anayetangaza. Picha ya mwanawe ndani ya magwanda inazunguka kwenye WhatsApp pamoja na jina la kambi na silaha iliyo nyuma yake. Katika mkoa wenye vita, picha hiyo ni zawadi kwa adui. Usimuulize yuko wapi wala wako wangapi. Muulize amejifunza nini kilichompa taabu, na umwache akueleze kwa Kiswahili jambo alilolisikia kwa Kifaransa. Akiweza kumweleza mama yake asiyejua fizikia, ameshalielewa.

Na kuna anayenunua. Huyu simwonei haya. Anatafuta namba ya mkufunzi, anatuma bahasha, mtoto anapita. Labda katika ofisi fulani mtu aliyenunua cheti ataharibu mafaili tu. Fundi wa mabomu aliyenunua cheti atakufa, na atakufa na wenzake. Tarehe 4 Machi 2012 ghala la silaha la Mpila, huko Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, lililipuka likaua watu zaidi ya 200, wengi wao raia waliokuwa majumbani mwao Jumapili asubuhi. Baruti haiheshimu jina la ukoo. Mzazi anayelipia alama za mwanawe kwenye masomo haya anamchimbia kaburi kwa pesa yake mwenyewe.

Basi mtoto akishindwa? Wapo watakaoshindwa. Kozi ngumu zimewekwa ili kuchuja, na asiyeweza kutulia mbele ya bomu la ardhini ni heri agunduliwe darasani. Atarudishwa kikosini au atabadilishiwa kazi, na hapo sentensi yetu inakuwa katili kabisa, kwa sababu kijana aliyeambiwa kwamba si wa nyumbani tena hana pa kupeleka aibu yake. Nimeona vijana wanaotangatanga katika miji mingine wakiogopa kurudi kwao kwa sababu kozi iliwashinda. Mzazi amwambie mapema, kabla ya mtihani wa kwanza: ukifaulu tutafurahi, usipofaulu njoo ule. Anayelijua hilo hafanyi uzembe. Anaacha kutetemeka, na mkono usiotetemeka ndio kazi hiyo inautaka.

Wakuu wa vyuo na wa kambi nao wana sehemu yao. Wazazi hatuombi kuingilia ratiba wala kujua siri. Tunaomba saa moja kila Jumapili ambayo kuruta anarudishiwa simu yake, namba moja ya ofisi tunayoweza kupiga mtoto akiugua, na barua tunazotuma zifike zikiwa zimefungwa. Mambo haya hayahitaji bajeti ya Kinshasa. Mkuu wa kambi anaweza kuyaagiza kesho asubuhi kwenye paredi.