Mcheza kwao hutunzwa, mbona Okutoyi akatunzwe ugenini?

MNAMO Julai 2022, wasichana wanne walikutana kwenye nyasi za Wimbledon, London, kuwania taji la vijana la tenisi ya wachezaji wawili kila upande. Upande mmoja alisimama Mkenya Angella Okutoyi akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Upande wa pili walikuwa Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakanyakua ya pili 6-4, kisha wakaponea chupuchupu katika awamu ya kuamua, 11-9. Kwa ushindi huo Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam katika kitengo cha vijana.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, mmoja wa wasichana hao alinyanyua kombe la Montreal, miongoni mwa mashindano makuu ya wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa. Hakuwa Okutoyi. Alikuwa Mboko, aliyekuwa na umri wa miaka 15 pekee siku ile aliposhindwa London. Njiani aliwabwaga mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na, katika fainali, Naomi Osaka. Mwaka huo aliuanza akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani.

Ni rahisi kusema kwamba Mboko ana kipaji kikubwa zaidi, na huenda ni kweli. Hata hivyo, pointi mbili za fainali ya vijana haziwezi kueleza pengo lililofunguka baina yao tangu siku hiyo. Wala si suala la asili, kwani wazazi wa Mboko walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi isiyojulikana kwa tenisi. Tofauti iliyo wazi ni kwamba Mboko alikuwa na shirikisho la taifa lililompa kituo cha mazoezi na mkufunzi wa hadhi, Nathalie Tauziat, aliyewahi kufika fainali ya Wimbledon. Alipokuwa tayari, nchi hiyo hiyo ilikuwa na shindano kubwa la kumpa nafasi ya mwaliko nyumbani. Okutoyi yeye alipata barua ya chuo kikuu cha Marekani.

Tusiidharau barua hiyo. Okutoyi alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, na mama yao akafariki alipokuwa akijifungua. Walilelewa na nyanya yao, mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, na ni katika mazingira hayo ndipo raketi ilipomfikia mkononi. Kwa mtoto wa nyumba kama hiyo, tenisi ni mchezo wa watu wengine. Raketi hununuliwa, nyuzi zake hukatika, viatu huchakaa, na mashindano huwa mbali.

Vituo vya mafunzo vinavyofadhiliwa na shirikisho la kimataifa, kule Bujumbura na baadaye Casablanca, ndivyo vilivyomnoa. Januari 2022 alifika raundi ya tatu ya mashindano ya vijana ya Australian Open, baada ya kumshinda Muitaliano Federica Urgesi na mwenyeji Zara Larke. Hakuna msichana wa Kenya aliyekuwa amewahi kushinda mechi ya mchezaji mmoja mmoja katika jukwaa hilo.

Mwaka wa 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Huko mwanamichezo mwenye ufadhili hupata masomo, malazi, chakula, wakufunzi, matabibu na wapinzani wa kiwango cha juu, yote pasipo kuuza shamba. Hakuna chuo nchini Kenya kinachoweza kumpa haya mchezaji wa tenisi. Na njia hii si mpya kwetu. Paul Wekesa, aliyepitia Chapman, California, alifika nafasi ya 100 duniani mwaka wa 1995. Mmisri Mayar Sherif alihitimu Pepperdine mwaka wa 2018, na miaka minne baadaye akashinda shindano la Parma, taji la kwanza la WTA kwa mwanamke wa Misri.

Lakini barua hiyo ina masharti yanayouma. Mechi za vyuo, hata ziwe ngumu kiasi gani, hazimpi mchezaji pointi katika orodha ya WTA. Msimu wake mkuu huanza Januari hadi Mei, majira ambayo wenzake wa kulipwa wanazunguka dunia wakikusanya pointi hizo. Aidha, ijapokuwa tangu 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kuvuna fedha za matangazo, viza ya mwanafunzi humfunga mgeni mikono kwa kiasi kikubwa.

Gharama ya masharti hayo ilionekana mwaka wa 2024. Mwezi Machi, jijini Accra, Okutoyi alimshinda Mmisri Lamis Alhussein Abdel Aziz katika fainali ya Michezo ya Afrika na kuipa Kenya dhahabu. Bingwa wa Afrika alikuwa na nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris, mradi tu awe miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani kufikia Juni 10. Okutoyi hakuwa. Dhahabu ikabaki, tiketi ikapotea, na Paris ikafanyika bila mwanatenisi wa Kenya. Kosa hilo si la Auburn, kwani chuo kilimlipia mwanafunzi ili akichezee, naye alikichezea. Pointi zilizokosekana zilikuwa wajibu wa taifa lililotaka bendera yake ipepee Paris.

Tuangalie hesabu yenyewe. Katika ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanawake, jumla ya zawadi za shindano zima ni dola 15,000. Mshindi huondoka na dola 2,000 na ushei, kabla ya kodi. Anayeng'olewa mapema hapati hata nauli ya kurudi kwao. Mashindano ya aina hii hufanyika kwa wingi Ulaya na Afrika Kaskazini, ambako mchezaji wa huko husafiri kwa basi au garimoshi. Mkenya hupanda ndege, kisha akilipie chumba kwa wiki kadhaa, kwani safari ya shindano moja haina maana.

Kwa hivyo swali si kama wasichana wetu waende kusoma ng'ambo. Waende. Swali ni nani atakayewapokea shahada ikishapatikana. Miaka miwili au mitatu baada ya chuo ndiyo inayoamua kama mchezaji atapanda au atatafuta kazi nyingine. Sherif aliivuka. Wengi huzama hapo, na majina yao hatuyajui kwa sababu hiyo hiyo.

Serikali ina Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Mazoea yetu ni kumzawadi mwanamichezo akishaleta medali, kwa picha na hotuba. Bajeti ya safari za mwaka mmoja, inayotolewa kabla ya medali na kukaguliwa kwa pointi alizopata mchezaji, ingefaa zaidi kuliko hundi kubwa ya karatasi kwenye uwanja wa ndege. Vilevile, Nairobi imeandaa mashindano ya kulipwa ya wanawake katika miaka ya karibuni. Iwapo miji jirani kama Kampala, Kigali na Dar es Salaam ingepanga yake yafuatane wiki baada ya wiki, chipukizi wa ukanda huu angepata pointi bila kuvuka bahari.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Okutoyi alituchezea Melbourne, London na Accra, nasi tukashangilia, huku bili zikilipwa na shirikisho la kimataifa na chuo cha Alabama. Yupo msichana mwingine leo anayepiga mpira kwenye ukuta wa shule fulani. Ajapo kutaka nauli, itafaa tuwe tumeshaamua jibu.