Manowari ndogo bado zina kazi

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ami alinitupia suali: "Hebu nambie mwanangu, hizi manowari ndogo zina kazi gani siku hizi, na madroni ndo hayo?" Hakuuliza kwa mzaha. Mjukuu wake anataka kujiunga na wanamaji. Nilimjibu harakaharaka, halafu usiku nikaona sikumtendea haki.

Ami amekulia zama ambazo kidogo kilikuwa kinatisha. Oktoba 1967, boti ndogo za Misri zilirusha makombora zikiwa bado bandarini Port Said, zikaizamisha manowari ya Israel, Eilat. Walikufa watu 47. Dunia ikashtuka, na kila nchi yenye pwani na mfuko mdogo ikatamani boti za namna ile. Oman nayo, miaka ya 1980, ikapata nne za daraja la Dhofar, zilizoundwa Uingereza, urefu wa mita 57 hivi.

Lakini mambo hayakubaki vile. Mwaka 1991, helikopta za Uingereza ziliziwinda boti za Iraq kaskazini mwa Ghuba, nazo zilikuwa hazina silaha ya kuzifikia helikopta kule ziliko. Na Februari 2024, huko Crimea, madroni ya majini ya Ukraine yaliizamisha Ivanovets, manowari ndogo ya Urusi iliyoundwa makusudi kwa kubeba makombora. Mwindaji kageuka windo.

Basi ami ana hoja, lakini hoja yake inahusu boti ya kupiga na kukimbia, ile isiyo na kinga ya juu. Kazi yenyewe imeshabadilika. Tazama Al Shamikh, Al Rahmani na Al Rasikh, zilizotoka Portsmouth mwaka 2013 na 2014. Zina karibu mita 99, zina makombora ya kutungulia ndege, na nyuma zina uwanja wa helikopta. Bado ni ndogo kwa hesabu za mataifa makubwa, ila zinaweza kukaa baharini siku nyingi, kuona mbali, na kujikinga.

Na pwani ya Oman, toka Musandam mpaka Dhofar, ni zaidi ya kilomita 3,000. Droni itaona jahazi la magendo, sawa. Nani atapanda akague shehena? Nani atamtoa mvuvi wa Masirah mashine ikimfia kwenye msimu wa kharif? Manowari kubwa moja haiwezi kuwa Khasab na Salala kwa wakati mmoja, na fedha zake ungepata ndogo kadhaa.

Mie naona kijana aachwe aende. Ila ami, usimuulize meli ina mita ngapi. Muulize wanafunzwa vipi kuiona droni inayokuja usiku, imelala juu ya maji, na nani anakaa kwenye rada saa tisa za alfajiri. Ijumaa nakuja, tutamuuliza pamoja.