Kiingereza cha Ofisini na Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili

Udhaifu wa Kiingereza cha wahitimu wetu si suala geni katika majarida ya lugha. Tangu Criper na Dodd walipoonyesha, katika ripoti yao ya mwaka 1984, kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine, mjadala umejikita shuleni na vyuoni. Mtu akishaajiriwa, wanaisimu humwacha. Huko kazini hupokewa na kozi fupi za Kiingereza cha biashara, ambamo hukumbushwa nyakati za vitenzi na, mara nyingi mno, hufundishwa kutamka kama Mwingereza.

Maoni yetu ni kwamba kozi za aina hii hutibu pasipouma. Hatukatai kwamba wapo wenye upungufu wa sarufi na msamiati. Hao wanahitaji kusoma sana, na siku tatu za semina hazitawafaa. Lakini kwa mhasibu, mhandisi au wakala wa forodha ambaye amekwisha kufaulu mitihani yake yote kwa Kiingereza, kikwazo kikubwa ni desturi za usemaji anazozihamisha kutoka Kiswahili bila kujua. Mwalimu asiyekijua Kiswahili hawezi kuziona desturi hizo, sembuse kuzifundisha.

Tuchukue mfano wa neno dogo kabisa. Karani wa Dar es Salaam anapigiwa simu na muuzaji wa London, anaulizwa kwa Kiingereza: hamjapokea hati za mzigo? Karani, ambaye hajapokea kitu, anajibu 'yes'. Kwa sarufi ya Kiswahili amejibu sawasawa, kwa kuwa 'ndiyo' yetu huthibitisha kauli nzima, pamoja na ukanushi wake: ndiyo, hatujapokea. Mwingereza anasikia kwamba hati zimefika, naye hatumi nakala nyingine. Mzigo unakaa bandarini na gharama za kuuhifadhi zinapanda, ilhali kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amesema uongo. Sasa tumbadilishe muuzaji, awe wa Guangzhou. Kichina nacho hujibu swali kanushi kama Kiswahili kinavyojibu. Hivyo karani na Mchina wataelewana vizuri kabisa kwa 'yes' ileile, mradi hakuna kati yao aliyekwisha kupitia kozi! Kumwambia karani aige Mwingereza kungemwokoa katika simu ya kwanza na kumpoteza katika ya pili. Linalomfaa ni kujua kwamba hapa pana mtego, na kuuepuka kwa kujibu kwa sentensi kamili.

Neno 'pole' lina mtego wa namna hiyo. Sisi humpa pole mtu aliyefikwa na jambo, hata kama hatuhusiki nalo. Likigeuzwa kuwa 'sorry' katika barua kwa mteja aliyecheleweshewa bidhaa na meli ya mtu mwingine, mteja aweza kulisoma kuwa ni kukiri kosa.

Barua zenyewe zina historia ya kuchekesha kidogo. Barua rasmi ya Kiswahili hufungua kwa 'Yah.', ikamtaka msomaji ahusike na somo la hapo juu, ikaeleza usuli aya mbili au tatu, ndipo ikafikia 'hivyo basi, naomba'. Sehemu kubwa ya fomula hizo ni tafsiri ya Kiingereza cha urasimu wa kikoloni. Kwa hiyo mtumishi wetu aandikapo Kiingereza kizito, chenye ombi lililofichwa mwishoni, mara nyingi anamrudishia Mwingereza mali yake iliyokwisha kupitwa na wakati kwao. Isidhaniwe kwamba mpangilio huo ni kosa. Katika barua kwa wizara, Dodoma, kutanguliza usuli ni adabu. Katika barua kwa mnunuzi wa nje, ombi lisipoonekana mapema huenda lisisomwe. Mwandishi mmoja anahitaji kuzimudu taratibu zote mbili, na kujua wakati wa kila moja.

Haya si matatizo ya Waafrika peke yao. Louhiala-Salminen, Charles na Kankaanranta, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 kuhusu kampuni za Wafini na Waswidi zilizoungana, waliwakuta watu wa pande zote mbili wakitumia Kiingereza ambacho si lugha ya yeyote kati yao. Wafini waliwaona Waswidi kuwa wenye maneno mengi. Wafini nao walionekana wakavu na wa moja kwa moja. Kila upande ulikuja na adabu ya nyumbani kwake.

Watakuwapo wenzetu watakaouliza kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na Kiingereza, hasa baada ya Kiswahili kupokewa na SADC mwaka 2019 na Umoja wa Afrika mwaka 2022. Hoja hiyo tunaiheshimu, ila haimsaidii mtu mwenye mkataba wa Kiingereza mezani leo. Tumewahi kukaa mkutanoni na mhandisi aliyeujua mradi kuliko wote waliokuwapo, naye akanyamaza tangu asubuhi hadi jioni kwa kuionea haya lafudhi yake. Waliosema ni wengine, na uamuzi uliopitishwa ulikuwa mbovu.

Tunapendekeza basi kwamba idara za Kiswahili zidai sehemu yao katika kozi hizi, na kwamba wanafunzi wa uzamili wakusanye barua za ofisini za lugha zote mbili, kwa idhini ya wenyewe na majina yakiwa yameondolewa, ili tufundishe kwa ithibati badala ya kukisia. Saa ya kwanza ya kozi haihitaji kitabu chochote kutoka ng'ambo. Mshiriki alete barua mbili alizoziandika mwenyewe kuhusu jambo moja, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ziwekwe sambamba, kisha aulizwe ni wapi msomaji wa kila barua atatambua anachotakiwa kufanya.