Mbwa mkali tunamtengeneza wenyewe

Niko Njinjo, huku Kilwa, kwa mjomba. Huku mbwa hafugwi kwa mapenzi, anafugwa kwa ajili ya ngedere na nguruwe wanaomaliza mahindi. Wengi wetu pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi, ila mbwa wa shamba anaruhusiwa. Kwa hiyo yupo, lakini hakuna anayemfunza.

Mjomba ana mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Watoto wanamchokoza kwa mguu, anang'ata, wanacheka. Akizidisha anapigwa teke. Nilipouliza nikajibiwa: "Mwache awe mkali, mpwa wangu, ndiyo kazi yake."

Hapo nabisha. Mbwa wa shamba kazi yake kubweka na kufukuza, siyo kung'ata mtoto wa jirani. Akiwa bado kwa mama yake, akimwuma ndugu yake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unaishia hapo. Ndivyo anavyojifunza kupima meno yake, na ndiyo maana si vizuri kumtoa kwa mama kabla ya wiki nane. Nasi tufanye vivyo hivyo. Aking'ata usivute mkono, atadhani mnacheza. Usimpige, atazidi kuogopa mikono na kung'ata. Piga kelele "aah!", mgeuzie mgongo, mchezo uishe. Akitulia, mpe kipande cha kamba atafune. Na iwe nyumba nzima, siyo wewe unakataza huku mdogo wako anamchezea kwa mguu. Kati ya miezi minne na sita anabadilisha meno, atatafuna kila kitu, vumilia.

Mnaona nashupalia jambo dogo? Juzi alinitoboa kidole, na hajachanjwa. Mjomba akaja na majani ya kubandika. Nikakataa, nikaosha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, nikapanda bodaboda kwenda kutafuta sindano. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na chanjo inafaa kabla ya hapo tu. Jioni mjomba akaniuliza taratibu kama na mbwa naye huchomwa.

Mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku kumi. Leo ya tatu. Anakula, anakimbiza kuku, na mimi namwangalia kila asubuhi kabla ya chai.