Mazoezi ya Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Yasiishie Kwenye Mkeka wa Kliniki

Katika kliniki zetu nyingi za fiziotherapia, siku ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupita kwa namna moja. Mama hufika asubuhi baada ya kupanda magari mawili, hukaa kwenye foleni, kisha mtoto hulazwa kwenye mkeka na kunyoshwa mikono na miguu kwa nusu saa. Tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi. Baada ya miezi michache nauli huisha, na kadi huwekwa kabatini. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu humgharimu mzazi mengi na kumpa mtoto machache, nasi wahudumu tunaweza kuubadili bila kungoja vifaa vipya.

Mtindio wa ubongo hutokana na hitilafu au jeraha katika ubongo unaoendelea kukua. Mtoto aweza kuupata akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa sababu ya manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyofika ubongoni. Hautokani na laana. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili. Misuli iliyokaza hufupika, viungo hupinda, na nyonga zaweza kuteguka polepole. Hata hivyo, ubongo uliojeruhiwa bado hujifunza, nao hujifunza kwa kutenda.

Mwaka 2020 Iona Novak na wenzake walichapisha mapitio mapana ya tafiti za tiba kwa watoto hawa. Tiba zilizoonekana kukuza uwezo wa mwendo zina sifa tatu: mtoto mwenyewe ndiye anayetenda, analotenda ni jambo analolihitaji katika maisha yake, naye hulirudia mara nyingi. Kunyoshwa viungo na mtu mwingine, pasipo jambo jingine, hakumfundishi mtoto kukaa, kushika wala kutembea. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kuzungushwa mikono akiwa nchi kavu.

Basi marudio hayo yatapatikana wapi? Hayatapatikana katika nusu saa ya wiki, bali nyumbani. Mtoto anayejifunza kukaa aketishwe kwenye kigoda kifupi, nyayo zikigusa sakafu, wakati wa kula. Kipande cha andazi kiwekwe mbele kidogo ya mkono wake ili aufikie mlo mwenyewe, badala ya kulishwa akiwa amelala. Mwenye miguu iliyokaza na kupishana abebwe ubavuni, miguu ikiwa imepanuka kiunoni mwa mbebaji. Anayejifunza kusimama ashike ukingo wa meza huku nduguye akicheza naye upande wa pili. Aliyedhoofika upande mmoja apewe michezo inayohitaji mikono yote miwili, kama kushika kopo na kutia kokoto ndani yake, mkubwa akiwa karibu.

Muda nao hautusubiri. Utafiti wa watoto wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa watoto hawa hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wafikapo miaka mitano, na wale walioathirika zaidi hufika kikomo hicho mapema zaidi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya watoto asimwambie mama kwamba mtoto "atachangamka tu". Mtoto asiyeketi afikapo miezi tisa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, apewe rufaa na aanze mazoezi hata kama jina la tatizo halijathibitishwa.

Wazazi nao wanastahili ukweli. Tangu mwaka 1997 tunao mfumo wa ngazi tano za uwezo wa mwendo, uliochapishwa na Robert Palisano na wenzake. Mtoto wa ngazi ya kwanza hutembea bila msaada. Wa ngazi ya tano huhitaji kusaidiwa hata kushikilia kichwa. Kumwahidi mzazi wa mtoto wa ngazi ya tano kwamba bidii italeta kutembea ni kumtwisha hatia isiyo yake siku atakapoona hatembei. Kwa mtoto huyo, kukaa vizuri katika kiti kinachomfaa, kula bila kupaliwa na kushiriki mazungumzo ya familia ni malengo halisi ya tiba. Kiti cha magurudumu si alama ya kushindwa.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inahamishia kazi ya hospitali mgongoni mwa mama ambaye tayari amechoka. Pingamizi hilo ni la haki. Ukimpa mama orodha ya mazoezi kumi na mawili, umemwongezea mzigo. Mpe lengo moja au mawili aliyoyachagua mwenyewe, yaingie katika kuoga, kula na kucheza, na umwite baba, bibi na ndugu wa mtoto wafundishwe pamoja. Wala mtaalamu haondoki. Ni juu yetu kupima nyonga kwa picha ya eksirei, kwa kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu hupata tatizo la nyonga kuhama. Ni juu yetu pia kutibu kifafa, kuchunguza umezaji na kurekebisha malengo mtoto anapokua.

Ewe mzazi, usiondoke kliniki kabla ya kuuliza: "Wiki hii mwanangu ajifunze kufanya nini, na nimsaidieje nyumbani?" Nasi wahudumu, tusiandike tarehe ya kurudi kabla ya kumwona mzazi akilifanya zoezi hilo kwa mikono yake mwenyewe, mbele yetu. Hatua hiyo huchukua dakika kumi, na haihitaji bajeti mpya.