Idi nyumbani kwa asiyekula nyama

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila unapokaribia Mfunguo Tatu, maswali yanayotufikia huwa ni yale yale: umri wa mbuzi, siku za kuchinja, na mgawo wa nyama. Safari hii limetufikia swali la namna nyingine kutoka Newala. Muulizaji ni mama mwenye mume na watoto, na ni mwaka wa tatu tangu aache kula nyama. Hana maradhi, wala hakukatazwa na daktari. Anasema nafsi yake imeikataa tu. Sasa zamu ya kuwakusanya ndugu siku ya Idi imeangukia nyumbani kwake. Watapanda kutoka Masasi mjomba wake, mama mkwe wake na jamaa wengine wengi. Shemeji yake amekwisha kumwambia kuwa anayejizuia nyama siku ya Idi anaharimisha alichokihalalisha Allah, na kwamba mjomba hatatia mkono katika sinia la nyumba hiyo. Mama huyu anauliza mambo mawili: je, ana dhambi? Na je, karamu aiandae vipi?

Tumeona tulijibu hapa hadharani, kwa sababu jambo lenyewe si dogo kama linavyosikika. Katika nyanda za Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao wa Masasi vilevile, ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ni mtu mzito. Mjomba akiondoka nyumbani kwako siku ya Idi bila ya kula, habari hiyo haikai nyumba moja. Itazungumzwa katika harusi na katika misiba, na watoto wataikuta.

Tuanze na neno kuharimisha, maana ndilo lililomtisha muulizaji. Kuacha chakula ni jambo moja, na kukiharimisha ni jambo jingine. Katika Suratul Maida, aya ya 87, Allah (S.W.) anawakataza walioamini wasivifanye haramu vile vizuri alivyowahalalishia. Mwenye kusema kuwa nyama ya mbuzi aliyechinjwa kisheria ni haramu, au kwamba kuiacha ni ibada inayomkurubisha kwa Mola wake, huyo aya inamhusu. Na katika Sahihi Muslim, Anas (R.A.) amepokea habari za watu waliotaka kuzidisha ibada, mmoja akasema hataoa, mwingine akasema hatakula nyama, mwingine akasema hatalala kitandani. Mtume (S.A.W.) aliyakataa hayo, na akabainisha kuwa mwenye kuupa mgongo mwenendo wake si katika yeye.

Lakini mtu ambaye nafsi yake haikipendi chakula, akakiacha bila ya kukitia ila, yumo katika hukumu nyingine kabisa. Dalili yake imo ndani ya nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Khalid bin Walid (R.A.) aliingia pamoja na Mtume (S.A.W.) kwa Bibi Maimuna (R.A.), aliyekuwa mama mdogo wa Khalid. Ikaletwa nyama ya dhabbu, yule mjusi mkubwa wa jangwani, imeokwa. Mtume (S.A.W.) alinyoosha mkono, na alipoarifiwa ni nyama gani akaurudisha. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika ardhi ya watu wake na nafsi yake haimtamani. Khalid akaivuta upande wake akala, na Mtume (S.A.W.) anamtazama.

Tunamwomba msomaji asiipite habari hii upesi. Chakula ni kimoja na mahali ni pamoja. Mmoja amekula na mwingine ameacha. Aliyeacha hakumwambia aliyekula kuwa anakula uchafu. Aliyekula hakumwambia aliyeacha kuwa anaidharau neema. Na mwenye nyumba hakufedheheshwa. Kwa hiyo tunasema kwa uwazi kwamba mama huyu hana dhambi kwa kuacha nyama, na shemeji yake amelitumia neno zito mahali pasipo pake.

Wala hawi wa kwanza katika Waislamu. Mshairi Abul-Ala al-Maarri wa Sham, aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki mwaka 1057, aliishi miaka mingi bila ya kula nyama, mayai, maziwa wala asali. Jambo hilo liliandikiana barua baina yake na wanazuoni wa zama zake, naye miongoni mwa sababu alizozitoa ulikuwemo uchache wa kipato chake. Hatumtaji ili afuatwe, kwani yeye alikwenda mbali na wengi walimlaumu. Twamtaja ili tusidhani kuwa suala hili limeletwa na vijana waliosoma Ulaya. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea onyo la Sayyidna Umar (R.A.) juu ya nyama, kwamba ina uraibu kama uraibu wa pombe.

Sasa twende upande wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio mzito zaidi. Kuchinja siku ya Idi ni haki ya wengine pia. Suratul Hajj, aya ya 36, inaamrisha kula na kumlisha aliyekinai asiyeomba pamoja na yule anayeomba. Na aya inayofuata inatufundisha kwamba nyama na damu hazimfikii Allah, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Aya hizi mbili zisomwe pamoja. Wapo wanaoishika hii ya pili peke yake wakasema basi hakuna haja ya kuchinja, wakamsahau yule maskini aliyetajwa katika ile ya kwanza.

Na maskini huyo katika nyanda za Newala tunamjua. Kusini kwetu ng'ombe walikuwa wachache tangu zamani kwa sababu ya ndorobo, na juu ya uwanda wa Makonde maji yenyewe ni ya shida. Mtu aliyeyafuata bondeni kwa kichwa hakuwa na ya kunywesha kundi. Chakula cha watu kikawa ugali wa muhogo na wa mtama, kunde, mbaazi, njugu, kisamvu, ming'oko, na samaki wakavu wanaopanda kutoka Lindi na Mtwara. Wafugaji waliohamia mikoa ya kusini baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 wameongeza mifugo, lakini bei ni bei. Kwa familia nyingi nyama bado ni ya Idi, harusi, hitima na sherehe za jando. Hao nao hawali nyama siku nyingi za mwaka, na hakuna aliyewauliza kama wamependa. Hata lugha yetu inashuhudia: ukiuliza nyumbani leo mboga ni nini, unaweza kujibiwa kuwa ni nyama.

Tena tazama majira. Kati ya mwaka 2010 na 2014 Idi ya kuchinja iliangukia Oktoba na Novemba, msimu wa korosho, na aliyeuza mzigo wake mapema aliweza kumtafuta mbuzi. Kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, mwaka 2024 na 2025 Idi hiyo ilikuwa Juni. Fedha ya korosho ya msimu uliopita imekwisha, na mnada mpya haujafunguliwa. Wengi wanaochinja wakati huu wanachinja kwa kujinyima, na wasiochinja wanaingoja sehemu ya jirani.

Hivyo basi, asiyekula nyama asiifanye nafsi yake kuwa sababu ya nyumba kutochinja. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, udhia ni Sunna iliyokokotezwa, na mmoja wa watu wa nyumba akichinja imewatosha wote. Mume wake achinje. Yeye mwenyewe hakulazimika kushika kisu, wala hakulazimika kula, kwani kula katika udhia wa Sunna ni jambo linalopendekezwa, na kilicho lazima ni kuwapa mafakiri sehemu yake ikiwa mbichi. Na hapa tunaona kheri ambayo muulizaji pengine hakuifikiria: sehemu yake asiyoila itoke. Nyumba yenye mtu asiyekula nyama ina mgawo mmoja zaidi wa kumpelekea mjane wa jirani.

Je, angeweza kuwaalika ndugu akawapikia karamu isiyo na nyama kabisa? Kisheria asingepata dhambi. Salman (R.A.) alimkirimu mgeni wake kwa alichokuwa nacho, na akasema kuwa tumekatazwa kujikalifisha kwa ajili ya mgeni. Lakini siku ya Idi, nyumba imechinja, mgeni amepanda mlima anaisikia harufu, kisha awekewe kunde peke yake ili apate funzo! La hasha. Nabii Ibrahim (A.S.) aliwaandalia wageni wake ndama aliyeokwa, wageni ambao hawakula hata tonge kwa kuwa walikuwa Malaika. Mkarimu humpa mgeni kinachomfaa mgeni. Mwenye kutaka kuwaeleza jamaa zake sababu za kuacha nyama anazo siku nyingine mia tatu na zaidi.

Upande wa jikoni, yatupasa tuseme kidogo, ingawa akina mama watatucheka. Nyama apike mwingine, wifi au mama mkwe, na chumvi aonje huyo huyo. Kazi ya jiko la Idi haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo hilo halitaonekana geni. Yeye ashike vingine: wali wa nazi, mbaazi za nazi, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na mchuzi wa korosho zilizosagwa, ambao katika wilaya yenye korosho kama Newala ni ajabu kuona haupikwi zaidi. Vyakula hivi visiwe vya pembeni kwa mtu mmoja kama chakula cha mgonjwa. Vipikwe vingi, viliwe na wote. Pilau ipikwe masufuria mawili, na lile lisilo la nyama lisitiwe supu ya nyama kwa kisingizio cha kuongeza ladha, kisha mtu akafichwa. Kumlisha mtu kwa hila kile alichosema hakitaki ni khiyana, hata kama chenyewe ni halali.

Katika kula, wengine wanadhani tatizo ni sinia la pamoja, kwamba asiyekula nyama lazima ajitenge. Si lazima. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, naye akiwa mtoto, ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho karibu yake. Adabu hii peke yake inatosha. Nyama iwekwe katika bakuli, au upande mmoja wa sinia, na kila mtu ale mbele yake.

Nao wageni wana wajibu wao. Abu Huraira (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula aibu, akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Kwa hiyo yale maneno ya kwamba hiki ni chakula cha Kibanyani, au kwamba mwanamke huyu amerogwa, yabaki Masasi. Kwa mjomba tunasema kwa heshima zote: umri wako na nafasi yako katika ukoo vinakupa haki ya kusikilizwa, na kwa sababu hiyo hiyo ukila mapema na ukashukuru, vijana wote watanyamaza. Hakuna mwingine katika nyumba hiyo awezaye kulimaliza jambo hili kwa tonge moja.

Tena jamaa za Masasi wasijifanye wageni wa mambo haya. Wilaya hiyo ina Waanglikana tangu mwaka 1876 na Wabenediktini wa Ndanda tangu mwaka 1906, na koo nyingi zina Waislamu na Wakristo ndani yake. Idi el-Fitri ya mwaka 2025 iliangukia katikati ya Kwaresima, na waliokuwa na mashemeji Wakristo wanaofunga nyama waliwapikia samaki na maharage bila ya kikao cha ukoo. Ikiwa shemeji Mkristo alistahiki sufuria lake, binti wa nyumbani, Mwislamu, anastahiki pia.

Limebaki dogo moja ambalo muulizaji amelitaja mwishoni, kwamba mchinjaji wa mtaani kwao huchukua kichwa na ngozi kuwa ujira wake. Hilo halifai. Ali (R.A.) aliposimamia wanyama wa Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga, aliagizwa asimpe mchinjaji chochote katika wanyama hao kuwa malipo. Mchinjaji alipwe fedha mkononi, na kiwango kipatanwe kabla mbuzi hajalazwa. Akishalipwa, si vibaya kumpa nyama kwa zawadi au sadaka kama wengine. Ngozi isiuzwe, itolewe sadaka au itumike nyumbani. Wallahu aalam.