Nywila haitamlinda mwanablogu wa Meru

Kila mwanahabari akitishwa hapa Kenya, sisi watu wa kompyuta tunakimbilia ushauri uleule: badilisha nywila, tumia VPN, andika kwa jina bandia. Si ushauri mbaya. Ila tunajidanganya tukidhani ndiyo dawa.

Daniel Muthiani, aliyejulikana kama Sniper, alikuwa akiukosoa uongozi wa Kaunti ya Meru kwenye Facebook. Alitoweka Desemba 2023, na mwezi huohuo mwili wake ukapatikana Tharaka Nithi. Kuna watu walioshtakiwa kwa mauaji, wakakana. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini niambieni, waandishi wenzangu wa programu: ni programu gani ingemwokoa? Katika mji mdogo mwandishi hatafutwi kwa anwani ya IP. Watu wanajua anakolala na anakokunywa chai.

Wengine husema, "Ah, huyo hakuwa mwanahabari, ni mwanablogu tu." Basi someni Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Uhuru wa kujieleza ni wa kila mtu, si wa mwenye kadi ya kazi peke yake.

Tena tunawahitaji watu hawa. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikufa mikononi mwa polisi. Polisi walidai waliruka kutoka kwenye gari likienda. Wananchi walikataa maelezo hayo, barabarani na mtandaoni, na baadaye maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Je, kama kila mtu angeogopa kuandika?

Serikali nayo imeilisha hofu hiyo. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 iliweka adhabu ya hadi miaka 10 jela kwa kuchapisha habari za uongo. Na anayeanza kuamua uongo ni upi ni afisa anayekuja kukukamata! Mei 2025 sheria hiyo ilimfikia mtengenezaji programu, Rose Njeri, kwa sababu ya tovuti ya kuwasaidia wananchi kupinga Mswada wa Fedha. Mahakama iliyatupa mashtaka mwezi uliofuata, lakini alikuwa amekwisha kulala rumande.

Kwa hiyo tuache kumwambia mwanablogu ajifiche vizuri zaidi. Tuhifadhi nakala za anayoandika, tufuatilie kesi hadi hukumu, na tuwaulize wabunge wetu kwa nini walipitisha sheria ile. Mfumo ukiwa mbovu, halaumiwi mtumiaji.